Koti la Vitrini

Nakumbuka kuna wakati sanamu zote za duka letu zilisimama uchi mbele ya mji mzima, na kabla hujaanza kucheka, Naomi mwanangu, zima kwanza hiyo simu. Izime kabisa. Usiilaze kifudifudi mezani ukadhani sioni mwanga wake ukiwaka pembeni. Leo unanisikiliza mimi kambo yako, yaani bibi yako, dada mdogo wa marehemu babu yako Placide, na ufunguo wa duka unaoutaka uko hapa kifuani mwangu, ndani ya blauzi. Hutathubutu kuufuata huko.

Najua baba zako wadogo wameshakubaliana kwamba Jumapili, baada ya misa, nikukabidhi. Sikuwapinga. Una akili, una jicho la kuchagua kitambaa, na wateja wanakupenda kuliko walivyonipenda mimi, maana mimi nina ulimi. Ningekupa ufunguo huo hata wiki iliyopita na kwenda kupumzisha miguu yangu. Lakini juzi ulisema neno moja ukiwa nyuma ya kaunta, nami tangu hapo sijala vizuri. Neno lenyewe hulikumbuki, nina hakika. Hicho ndicho kinachoniudhi zaidi.

Ngoja nikukumbushe. Mama mmoja wa Kipushi aliona kwenye simu yako gauni jeupe la komunyo ya kwanza, lenye mikono mirefu ya dantela, ile lesi ya matundu. Picha uliitoa sijui wapi, kwa sababu gauni hilo halijawahi kuingia katika duka letu. Akalilipia. Wewe ukamtumia jingine, jeupe pia, lisilo na mikono. Juzi akapiga simu, wala hakugombana, sauti yake ilikuwa chini kama ya mtu anayeomba, akasema mtoto amelikataa, analia, na Jumapili ndiyo siku yenyewe. Ukamjibu kwamba picha ni picha. Kisha ukakata, ukaniona nakuangalia, ukasema:

"Kambo, usisumbuke. Ule mama eko Kipushi. Hatarudia juu ya mikono ya robe."

Hatarudia, yaani hatarudi kudai. Nilikuwa napiga pasi suruali na nikaiacha pasi juu yake, ile suruali ya kijivu uliyoniuliza nani kaiunguza. Ni mimi, na ni kwa sababu yako.

Sasa sikiliza tangu mwanzo, maana nyinyi vijana wa nyumba hii mnajua bei ya kila kitu dukani lakini hamjui duka lilitoka wapi. Mama yangu, Mama Odila, alianza kwa kushona magauni ya komunyo nyumbani kwetu mtaa wa Kampemba, kwa cherehani ya mkono, huku baba yangu akifanya kazi ya reli. Walikuwa wametoka kaskazini, upande wa Kongolo, na mjini hapa hawakuwa na jamaa wa kuwashika mkono. Magauni yakapendwa. Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka katikati ya mji akataka kurudi kwao, naye mke wake alikuwa amemzoea mama, basi wakamwachia mlango ule pamoja na vitu vilivyomo. Miongoni mwa vitu hivyo zilikuwamo sanamu za kuvalisha nguo, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wenye pua ndefu na macho ya buluu. Mmoja wa wanaume hakuwa na mkono wa kulia. Ndiyo maana mpaka leo ule mkono wake wa koti tunauingiza mfukoni, na wateja wanadhani ni maringo.

Pamoja na sanamu tuliachiwa ile vitrini, dirisha kubwa la kioo la mbele, ambalo wewe unataka kulitoa ili umpangishe muuza simu. Hilo tutaligombania siku nyingine. Vitrini yetu inaangalia mahali jua linapotua, na jua la alasiri la mji huu unalijua, hasa miezi ile kabla ya mvua. Kila kitu kilichosimama pale kinapauka. Na kwa kuwa sanamu zimekaa upande upande, zikiangalia mlango, hazipauki mbele wala nyuma. Zinapauka bega la kushoto, mkono wa kushoto na mbavu za kushoto. Nguo ikishuka pale baada ya majuma kadhaa, upande mmoja ni mpya na upande mwingine ni kama umefuliwa miaka kumi.

Mtu mwingine angeuza nguo hizo kwa bei ya chini. Mama alikataa tangu siku ya kwanza. Alisema mteja atasahau bei aliyopunguziwa, lakini bega atalikumbuka kila akijitazama kwenye kioo. Kwa hiyo nguo ya vitrini haikuuzwa. Ilikuja nyumbani, tukaivaa sisi. Nyumbani kwetu mtu akisema "hii ni ya vitrini", maana yake ni yetu, haina mazungumzo. Tulikwenda shule na mashati ya rangi mbili. Watoto wa mtaa wakatuita batoto ba vitrini, na jina likatukaa. Baba naye, tulipokuwa wadogo, alikuwa na abakosti ya kahawia, lile vazi lisilo na tai tulilolazimishwa na serikali, iliyopauka kushoto, na kanisani alikaa siku zote kwenye ncha ya benchi iliyo karibu na ukuta wa kushoto, ili upande ule uangalie ukuta. Nilikuwa mkubwa ndipo nikaelewa kwa nini hatukai penginepo, hata kanisa likiwa tupu.

Unapiga miayo. Piga tu, nitakungoja.

Basi ikafika ile miaka ambapo koti na tai viliruhusiwa tena nchini, baada ya muda mrefu sana wa abakosti. Wewe hukuwapo, kwako koti ni koti. Lakini wapo wazee waliokuwa wameficha tai zao chini ya magodoro, nao wakazitoa siku hiyo wakitokwa machozi. Duka letu lilijaa. Kila mzee alitaka suti kabla hajafa. Na waliokufa, jamaa zao walitaka wazikwe nayo, ikawa tunauza suti nyingi kwa ajili ya marehemu, kama tunavyouza mpaka leo. Babu yako Placide ndiye aliyesimamia nguo za wanaume. Alikuwa kijana mtanashati, mwepesi wa maneno, na ukitaka kujua alivyokuwa, jiangalie mwenyewe.

Siku moja katika miaka hiyo mama alikuwa ameondoka kwenda Kipushi kumwangalia dada yake aliyekuwa mgonjwa. Baba alikuwa kazini. Dukani tulikuwa Placide na mimi, mimi nikiwa nyuma kwenye cherehani. Mchana akaingia mwanaume mmoja mwenye haraka, na gari lilikuwa linamngoja nje. Alisema wana msiba, amesafiri kutoka mbali, ametumwa kutafuta suti nyeusi au ya buluu kwa marehemu, mtu mnene, mwenye mabega mapana. Placide akapekua rafu zote. Kipimo kile hakikuwapo. Suti pekee ya ukubwa ule ilikuwa ya buluu nzito, na ilikuwa imevaliwa na yule sanamu asiye na mkono.

Nilimwona anapanda vitrini. Nikainuka kwenye cherehani nikamwambia kwa sauti ndogo, nikimwita yaya kama tunavyowaita kaka zetu, "Yaya, ile ni ya vitrini." Akanigeukia huku anafungua vifungo. Alikuwa anatabasamu.

"Mufu atalala tu," akasema. "Nani ataangalia bega?"

Akaikunja suti, ule mkono wa kushoto akauingiza ndani, akaifunga kwa karatasi vizuri sana kama zawadi ya arusi. Yule mwanaume hakuifungua. Alishukuru, akaondoka mbio. Placide hakumwuliza marehemu ni nani. Fikiri, Naomi. Mtu anakuja kununua kwako nguo ya mwisho ya mtu, na wewe huulizi hata jina. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba jina halivai koti.

Jioni ndipo tulipopata habari Kampemba kwamba Mwalimu Banza amefariki. Wewe humjui, lakini nusu ya mtaa wetu ilijifunza kusoma kwake, mimi na Placide tukiwemo. Alikuwa mtu mnene, mwenye mabega mapana. Placide aliposikia hakula. Alijiambia, na mimi nilijiambia pia, kwamba wanene ni wengi mji huu na misiba ni mingi.

Kesho yake asubuhi tukaenda kwenye kilio. Mwili ulikuwa umeletwa nyumbani, jeneza liko wazi katikati ya uwanja chini ya turubai, watu wanapita kuaga. Wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka upande mmoja, na upande huo ndio uliokuwa upande wa kushoto wa marehemu. Nilipokaribia nikaona. Jua lilikuwa limepanda, turubai lilikuwa na tundu, na bega la Mwalimu lilikuwa na rangi ya majivu huku kifua kizima kikiwa buluu. Mkono wake wa kushoto, ambao ulitushika vidole tukaandika herufi, ulikuwa ndani ya kitambaa kilichochoka. Mzee huyu alikuwa amewaambia watoto wake kwa miaka mingi kwamba siku koti litakaporuhusiwa atavaa koti zima, la heshima, na tai. Aliugua kabla hajalinunua.

Ningeweza kuvumilia hayo kama watu wangedhani ni koti kuukuu. Maskini tuko wengi, hakuna anayemcheka mwenzake kwa ukuukuu. Lakini nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mwalimu banamuvalisha nguo ya vitrini." Kisha nikahisi macho yao mgongoni mwangu. Nilikuwa nimevaa blauzi yangu ya zambarau. Bega la kushoto lilikuwa limepauka.

Unaelewa sasa? Mji mzima ungeweza kupita bila kujua, lakini Kampemba walijua alama yetu kama wanavyojua kengele ya parokia. Sisi wenyewe tuliwafundisha, kwa kutembea nayo miaka yote. Placide alikuwa amesimama upande wa wanaume. Nilimtafuta kwa macho, nikamwona anatazama viatu vyake, na tabasamu lile la dukani sikuliona tena usoni mwake kwa muda mrefu.

Wakati huo mama akafika. Alikuwa ametoka Kipushi moja kwa moja baada ya kusikia habari, mfuko wake bado uko begani. Akaenda kwenye jeneza kuaga. Akasimama. Alifungua kikwembe chake cha pili, kile kitenge cha juu, akakikunja na kukilaza taratibu juu ya bega la Mwalimu, kwa namna ambayo mtu angedhani ni heshima tu.

Dada wa Mwalimu, kikongwe Mama Felisita, alikuwa amekaa kichwani pa jeneza. Akanyoosha mkono, akakitoa kile kikwembe, akamrudishia.

"Toa, Mama Odila," akasema. "Bantu banakwisha kumuona."

Hakupaza sauti. Mama akapokea kikwembe chake, akakaa chini kwenye mkeka pamoja na wafiwa, na hakuinuka mpaka jeneza lilipotoka. Mwalimu akazikwa hivyo.

Nilidhani tukirudi dukani patakuwa na fimbo. Placide alikuwa mtu mzima mwenye mke, lakini mama hakuwa na mpaka katika mambo hayo. Badala yake alikaa kwenye kile kiti ulichotaka kukitupa mwaka jana, akamwambia Placide asimame mbele yake. Placide akaanza kueleza kwamba kipimo hakikuwapo, kwamba mteja alikuwa na haraka, kwamba angemrudisha mikono mitupu ingekuwa vibaya zaidi. Yote yalikuwa kweli. Wewe pia juzi ulinieleza mambo mengi ya kweli. Mama alimwacha amalize, kisha akasema maneno ambayo niliyasikia tena kichwani juzi, pasi ikiunguza suruali:

"Mwana wangu, ma-client bote banaweza kurudisha nguo. Ikibana banarudia, ikipasuka banarudia, banatutukana, tunabadirisha. Weye ulichagua moja tu mwenye hatarudia. Ni ule mufu njo ulimuibia."

Placide akalia. Mama akamwambia aache, kwa sababu machozi hayashoni. Ndiyo, alikuwa mkali hivyo, usidhani mimi nimeokota ukali huu njiani. Akapanda vitrini yeye mwenyewe, na umri wake ule, akazivua sanamu nguo zote. Zote, Naomi. Akaziacha uchi, zile pua ndefu zikiangalia barabara, akasema duka hili halina la kuonyesha watu mpaka siku ya kuondoa kilio cha Mwalimu, matanga yakiisha.

Hebu fikiria aibu. Katikati ya mji, mbele ya benki na ofisi, watu wenye tai wanapita kwenda kazini na kukuta mwanamke wa plasta hana hata kitambaa. Wengine walifikiri tumeibiwa. Wengine walifikiri tunafunga, wakaingia kuuliza kama rafu zinauzwa. Vijana walisimama nje wakicheka. Baba alimwomba mama azifunike hata kwa karatasi, mama akamjibu kwamba Mwalimu hakufunikwa. Na kila aliyeingia kuuliza, Placide ndiye aliyetakiwa kujibu, na kujibu ukweli wote. Mwanzo alikuwa anameza maneno. Baadaye akawa anayasema wazi, kwa mpangilio, anaanzia kwenye kipimo na kumalizia kwenye bega. Najua utaniuliza kama jamaa wa Mwalimu walirudishiwa pesa zao. Walirudishiwa, siku hiyohiyo, na hilo halikufuta kitu.

Siku moja, kilio kikiwa bado hakijaondolewa, Mama Felisita akaingia. Alikuwa amekuja mjini kwa shughuli zake, na bila shaka habari zilikuwa zimemfikia. Alisimama mlangoni akiegemea fimbo yake, akaangalia sanamu moja baada ya nyingine. Mama akatoka nyuma ya kaunta. Placide alikuwa ameshika mkanda wa kupimia.

"Mama Odila," kikongwe akasema, "valisha bale bantu yako. Batoto banapita apa."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika kaunta, na Mama Felisita naye akacheka, wakacheka wale wazee wawili huku wanafuta macho kwa ncha za vikwembe vyao, na mimi sikujua kama nicheke nao au nilie. Kisha kikongwe akakaa, akamwita Placide, akamwambia kwamba mjukuu wake atapata komunyo mwaka ule na anataka gauni, na atakayelipima ni yeye Placide, si mtu mwingine. Lile gauni Placide alilipeleka mwenyewe nyumbani kwao, kwa miguu, amelishika mbele yake kwa mikono miwili ili lisikunjike. Nilimcheka akipita. Hakujali.

Na tangu hapo, mtu yeyote alipoingia kununua suti ya marehemu, babu yako aliuliza kwanza jina. Jina lake nani, alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini. Kisha aliibeba suti mpaka mlangoni, kwenye mwanga, akaigeuza bega hili na bega lile mbele ya macho ya jamaa. Wewe ulikua unaona hayo. Wewe na binamu zako mlimwita Mzee Mabega, mkimwigiza nyuma ya mapazia, mkidhani ni uzee. Nilitaka kuwachapa. Yeye alinizuia, akasema waache, ni jina zuri.

Sasa tufike pale ambapo umekuwa ukinikasirikia kimyakimya. Babu yako alipofariki, wewe ndiye uliyekuja kwangu jikoni, macho yamevimba, ukaniuliza kwa nini tumemvalisha koti lililopauka, sisi wenye duka, mbele ya watu wote. Ulisema tumemdhalilisha. Nilikuambia unyamaze ukasaidie kuosha sahani. Nisamehe kwa sahani, siku ile sikuwa na pumzi ya kueleza. Lakini koti lile hatukuliokota. Alilichagua mwenyewe, miaka kabla hajaugua. Alilisimamisha vitrini akaliacha huko muda wote jua lilipokuwa kali, akakataa kulishusha, akalitundika kabatini kwake. Na alipokuwa kitandani alituita mimi na baba zako, akasema:

"Munivalishe ile ya vitrini. Na bega ya kushoto ikuwe ku bantu."

Baba yetu, mtu mwema kabisa, aliuficha upande huo ukutani maisha yake yote. Placide alitaka uangalie watu. Mimi ndiye niliyepanga jeneza uwanjani, na nililigeuza mara mbili, wachukuzi wakinung'unika, mpaka bega likawa upande wa mikeka. Wazee wa Kampemba walipopita walielewa. Mmoja wao aligusa lile bega kwa kidole, akatikisa kichwa, akaenda kukaa. Wewe uliona aibu. Mimi nilikuwa sijawahi kumpenda kaka yangu kama siku ile.

Haya. Nimechoka, na umeme utakatika kama kawaida yake, basi tumalize.

Kile kifurushi kilichoko juu ya cherehani ni chako. Ndani mna gauni jeupe la kipimo cha yule mtoto, nimelitia mikono mirefu ya dantela. Dantela yenyewe ni ya pazia la mama yangu, nzuri kuliko ya ile picha yako, na mgongo wangu unaikumbuka kila nikiinama. Leo ni Ijumaa. Magari ya Kipushi yanaondoka mpaka jioni. Hutalituma kwa dereva, na hutampigia simu yule mama kumwambia aje kulichukua. Utakwenda wewe, utalishika mbele yako kwa mikono miwili, utamwuliza mtoto jina lake, utamvisha, utamgeuza bega hili na bega lile karibu na mlango. Akikutukana mama yake, sikiliza mpaka amalize. Lile la kwanza litarudi na wewe, na litakuwa letu, ni la vitrini sasa. Atalivaa binti wa baba yako mdogo, mikono au hakuna mikono.

Hiyo ndiyo nasaha yangu yote, na sitaipamba. Picha yako ya simu ni vitrini. Unachoonyesha hapo ni neno umelisema, na mtu amelisikia. Usipime mteja kwa umbali wa kwake. Kabla ya kumtumia mtu kitu, jiulize kama angeweza kukirudisha, na kama hawezi, iwe kwa sababu ya nauli, au haya, au kifo, basi kwake ndiko unakopaswa kuwa mwangalifu kupita kwa wote. Wanaojua kugombana watajilinda wenyewe. Mengine ya biashara unayajua kuliko mimi, na muuza simu wako tutamjadili Jumatatu, nami nitakataa.

Ukirudi kutoka Kipushi utanikuta hapa hapa. Sitakuuliza kitu. Nitakuangalia usoni tu, nikiona umekwenda kweli, nitauvua ufunguo huu shingoni na kukuvika mimi mwenyewe, bila kungoja Jumapili wala baba zako.

Piga magoti kidogo, goti moja linatosha, sakafu ni baridi. Mungu wa mama yangu Odila na wa babu yako Placide akushike mkono barabara yote. Akulinde na jua la alasiri na ulimi wako mwepesi. Akupe macho ya kuona mabega yote mawili. Na akujaalie wateja wanaorudi, mwanangu, wawe wanarudi kushukuru au wanarudi kugombana, ilimradi warudi. Amina. Sasa inuka, chukua kifurushi, na hiyo simu iache hapa.